Nilivyomsomea Baba Tolstoy

Baba alikuwa stesheni masta. Alifanya kazi kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi kwa miaka 31, akihamishwa kutoka kota hii ya reli hadi ile, na alipostaafu akajenga Korogwe, si mbali na reli. Tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali, kansa ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Daktari alituita sisi watoto koridoni akatueleza. Baba hakuitwa. Na sisi, bila hata kuulizana, tukawa tumeshakubaliana kwamba asiambiwe.

Wageni walikuja kila siku. Nyumba yetu ilijaa viatu mlangoni. Kila aliyeingia alisema lile lile: "Aa, Mzee, mbona leo umechangamka! Inshallah wiki ijayo tutakuwa wote msikitini." Baba alijibu "Inshallah" kwa sauti ya kawaida, halafu wageni wakishaondoka aligeukia ukutani. Nami nilikuwa hodari wa maneno hayo kuliko wote. Nilimwambia uvimbe wa miguu ni chumvi, kukonda ni kwa sababu hali chakula vizuri, na maumivu ya kiuno ni kulala sana.

Aliyevunja mambo ni kijana aliyekuwa akituletea maji kwa madumu. Siku moja alinisaidia kumwogesha, na tangu hapo akawa anakuja kila jioni bila kuombwa. Alikuwa na mikono mikubwa, anamgeuza Baba taratibu kama anayegeuza mtoto mchanga. Jioni moja akiwa anampangusa mgongo alisema, "Mzee, hapa pamechubuka, usilalie upande huu. Babu yangu naye mwishoni alikuwa hivihivi." Mimi na dada yangu tulikauka. Baba akauliza, kwa utulivu kabisa, "Alichukua muda gani?" Kijana akajibu, "Kama miezi miwili, Mzee." Baba akatikisa kichwa. Usiku ule alimaliza bakuli zima la uji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi.

Nililala nikiwaza pale nilipowahi kukutana na kijana huyu. Nilikutana naye kitabuni. Anaitwa Gerasim, na aliyemwandika ni Lev Tolstoy, mwandishi Mrusi.

Wengi wetu tukisikia jina la Tolstoy tunafikiria *Vita na Amani*, kitabu kinene ambacho watu hukitaja kuliko wanavyokisoma. Nakipenda, nitakisifu kwa yeyote. Lakini kilichoniingia mwilini ni kile kidogo, *Kifo cha Ivan Ilyich*, kilichotoka mwaka 1886, ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja. Nilikuwa nacho ndani ya mkusanyo wa hadithi zake kwa Kiingereza, nilioununua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, ukiwa hauna jalada. Nikauchukua safari iliyofuata.

Hadithi inaanzia mwisho. Mahakimu wamepumzika katikati ya kesi, mmoja anasoma gazeti, anasema: mabwana, Ivan Ilyich amekufa. Na kabla hata ya kusikitika, kila mmoja anapiga hesabu nani atapanda cheo sasa kwa kuwa nafasi imebaki wazi. Rafiki yake anakwenda kutoa pole, na mjane, huku akifuta machozi, anamdodosa jinsi ya kupata pesa zaidi serikalini kwa msiba ule. Ndipo Tolstoy anaturudisha nyuma kwa marehemu mwenyewe: jaji mwenye umri wa miaka 45, mtu safi, mwenye adabu, aliyeishi kama wanavyoishi wa daraja lake. Amepata nyumba mpya, anapanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi anavyotaka mapazia yaning'inie, anateleza, anajigonga ubavu kwenye dirisha. Kidogo tu. Kinabaki kidonda cha ndani kisichojulikana ni nini.

Madaktari wanabishana kama ni figo iliyohama au ni kidole tumbo. Hapo kuna mstari ambao ulinifanya nifunge kitabu kwa muda. Ivan Ilyich anataka kuuliza swali moja tu, je, hali yangu ni ya hatari? Daktari anamtazama kwa uso uleule ambao yeye jaji huwatazama nao washitakiwa wanaouliza maswali yasiyohusu kesi. Jaji, aliyekuwa mwenye nchi ya maneno hayo, amekuwa mgeni ndani yake.

Kinachomtesa zaidi ya maumivu ni uongo. Mke, binti, marafiki, madaktari, wote wanafanya kama vile anaumwa tu, si kwamba anakufa, akitulia na kutumia dawa mambo yatakuwa mazuri. Anataka ahurumiwe kama mtoto mgonjwa, alie na mtu alie naye, na hakuna anayethubutu. Isipokuwa Gerasim, kijana wa shamba aliye mtumishi wa nyumbani, anayemwaga choo chake bila kinyaa na kukaa usiku akiwa ameibeba miguu ya bwana wake mabegani, kwa sababu ikiinuliwa maumivu yanapoa. Bwana anapomwambia nenda ukapumzike, Gerasim anasema sote tutakufa, basi kwa nini asijisumbue kidogo. Hakuna hotuba nyingine. Hilo tu.

Nilikuwa nikisoma hayo kando ya kitanda nikidhani Baba amelala.

"Unasoma nini?"

"Hadithi, Baba. Ya Mrusi."

"Inahusu nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Jaji anayeumwa."

"Anapona?"

Nje kulikuwa na mtu anatwanga. Nilihesabu mapigo ya mchi matano au sita. "Hapana, Baba."

"Basi soma."

Nikamsomea, nikitafsiri papo kwa papo, sentensi kwa sentensi, kurasa chache kila usiku. Tulipofika kwa Gerasim, Baba alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akamwambia kijana wa maji, "Hebu niinue miguu tuone kama huyu Mrusi anasema kweli." Kijana akakaa mwisho wa kitanda, akaiweka ile miguu iliyovimba mabegani, visigino vikining'inia mgongoni kwake. Baba alifumba macho. "Anasema kweli," akasema.

Tangu siku hiyo alitaka kujua habari za mwandishi mwenyewe. Mtu huyu aliona wapi?

Aliona nyumbani kwake, tena mapema. Tolstoy alizaliwa tarehe 9 Septemba 1828 kwa kalenda yetu, huko Yasnaya Polyana, kijiji cha familia yake karibu na mji wa Tula, kiasi cha kilomita 200 kusini mwa Moscow. Ukoo wa makabaila wenye ardhi na watwana. Mama yake alifariki kabla hajatimiza miaka miwili. Baba yake akafuata mwaka 1837. Mashangazi wakamlea. Kaka yake mkubwa, Nikolai, aliwahadithia wadogo zake kwamba siri ya kuwafanya watu wote wawe na furaha imeandikwa kwenye kijiti cha kijani, na kijiti hicho kimefukiwa ukingoni mwa korongo msituni. Lev hakukisahau kijiti hicho mpaka anakufa.

Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1844 alianza kusoma lugha za mashariki, Kiarabu na Kituruki. Hapo Baba alifurahi sana. Nilipomwambia kwamba alishindwa mitihani akahamia sheria, na hiyo nayo akaiacha, alisikitika kweli kama vile anazungumzia mjukuu wake. Ujana wake ulikwenda kwenye kamari, wanawake na madeni. Nyumba kubwa aliyozaliwa iliuzwa kulipia kamari, ikabomolewa ikahamishiwa kwingine, na uzeeni alipotaka kuonyesha mahali alipozaliwa alielekeza kidole juu, hewani, kwenye matawi ya miti iliyoota palipokuwa na nyumba.

Mwaka 1851 alikwenda Kaukasia kujiunga na jeshi, akapigana pia Sevastopol, na uandishi ukaanza huko. Hayo yote nayapita haraka, maana kilichonishika ni kaka zake wawili.

Dmitri alikuwa anakufa kwa kifua kikuu katika mji wa Oryol, Januari 1856. Lev akaenda kumwona, kijana wa miaka 27, jina limeshaanza kung'ara mjini St. Petersburg. Hakuweza kukaa. Akaaga akarudi mjini kwenye karamu zake, na siku chache baadaye Dmitri akafariki. Miaka mingi baadaye, mzee tayari, aliandika waziwazi jinsi alivyokuwa mtu wa kuchukiza wakati ule. Miaka minne baadaye ugonjwa uleule ukamchukua Nikolai, yule wa kijiti cha kijani, huko Hyères, kusini mwa Ufaransa. Safari hii Lev hakukimbia. Nikolai alikufa mikononi mwake, Septemba 1860.

Naamini kila kitu alichokiandika baadaye kuhusu wanaokufa kinatoka kwenye umbali uliopo kati ya vitanda hivyo viwili. Katika riwaya yake ya *Anna Karenina*, aliyoiandika kati ya 1873 na 1877, kuna sura nyingi sana, zote zina namba tu. Moja peke yake ina jina: "Kifo." Levin, mmoja wa wahusika wakuu, amekwenda kumwona kaka yake anayekufa katika hoteli chafu ya mji wa mkoani, na hataki mkewe Kitty aje naye. Kitty anakuja kwa nguvu. Levin anasimama chumbani, anaona uchafu, ananusa harufu, anaogopa, wala haimjii akilini kuwaza jinsi ile miguu na ule mgongo ulivyolala chini ya blanketi. Kitty yeye anawaza hilo tu. Anaagiza maji, anabadilisha shuka, anapanga mito, anamtuma mtu duka la dawa. Nilipofika hapo niliona haya, maana kwa wiki kadhaa nilikuwa Levin, nimekaa kwenye kiti, nimejaa huzuni, na mgongo wa Baba unachubuka.

Kisha kuna usiku wa Arzamas. Mwaka 1869, akiwa anamalizia *Vita na Amani*, tajiri, mwenye afya, mke na watoto, alisafiri kwenda kutazama shamba la kununua, akalala njiani katika mji huo. Saa 8 usiku akaamka ameshikwa na hofu ambayo, alimwandikia mkewe, hakuwahi kuihisi kamwe. Hakukuwa na mwizi wala ugonjwa. Ni kifo tu kilichokaa naye chumbani. Toka hapo maswali hayakumwacha. Alizaa na mkewe, Sofia, watoto 13, wakazika watano wangali wadogo. Mmoja wao, Alexei, wa miaka minne, walimzika Januari 1886, wakati babaye akiwa anaandika kuhusu Ivan Ilyich. Na jaji mwenyewe hakutoka hewani: kulikuwa na mwendesha mashtaka wa mahakama ya Tula, Ivan Ilyich Mechnikov, aliyefariki mwaka 1881, na Tolstoy alisimuliwa jinsi alivyomaliza siku zake.

Lazima niseme habari za Sofia, kwa sababu Mama yangu ndiye aliyeuliza. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele usiku ule, akidhani hatumwoni kwamba anasikiliza. "Na mkewe je?" Aliolewa mwaka 1862 akiwa na miaka 18, mume 34, na kabla ya harusi mume alimpa shajara zake asome, zenye wanawake wote aliopitia. Sofia ndiye aliyenakili kwa mkono miswada ya zile riwaya kubwa, mara baada ya mara, usiku watoto wakilala, akisoma hati ambayo mwenyewe aliyeiandika ilimshinda. Alipofikia uzee Tolstoy akakataa mali, nyama, pombe, jeshi na serikali. Mwaka 1891 akatangaza kwamba yeyote aweza kuchapisha bure vitabu alivyoviandika tangu 1881. Aliyekuwa na watoto wa kulisha ni Sofia. Simchukii Tolstoy, siwezi. Ila mtu aliyeweza kumwona jaji mgonjwa hadi ndani ya roho alishindwa mara nyingi kumwona mwanamke aliyekaa naye meza moja kwa miaka 48. Mama alisema "Wanaume," akaendelea na mchele.

Hata hivyo mafundisho yale ya uzeeni ndiyo yaliyosafiri mbali kuliko vyote. Kanisa la Orthodoksi la Urusi lilimtenga mwaka 1901. Mapato ya riwaya yake ya *Ufufuo*, ya 1899, aliyatoa kuwasaidia Wadukhobor, watu wa dini waliokataa kushika silaha, na zaidi ya 7,000 wakahamia Kanada. Na huko Afrika Kusini wakili mmoja kijana kutoka India alisoma kitabu chake kuhusu kutolipiza ubaya kwa nguvu, kikamgeuza. Mohandas Gandhi alimwandikia mzee mwaka 1909. Mwaka uliofuata shamba walimokaa wapigania haki wake, karibu na Johannesburg, likaitwa Shamba la Tolstoy. Barua ndefu ya mwisho kutoka kwa Tolstoy kwenda kwa Gandhi iliandikwa Septemba 1910, miezi miwili kabla ya kifo.

Na kifo hicho, Baba alikisikiliza kuliko yote, kwa sababu kilitokea stesheni.

Mwishoni mwa Oktoba 1910, kwa kalenda ya Warusi ya wakati ule, iliyokuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, usiku wa manane, mzee wa miaka 82 aliamka akaondoka nyumbani kwa siri pamoja na daktari wake, akamwachia Sofia barua. Sofia alipoisoma alikimbia akajitupa bwawani, wakamwopoa. Mzee alikwenda kumwona dada yake mtawa, halafu akapanda treni ya kusini. Homa ikampanda. Wakamteremsha kwenye stesheni ndogo iitwayo Astapovo. Hapakuwa na hoteli wala hospitali. Stesheni masta, Ivan Ozolin, akatoa nyumba yake.

"Stesheni masta yeyote angetoa," Baba alisema. Kisha akafikiri. "Lakini kota za reli ziko karibu na njia. Kila treni ikipita kitanda kinatikisika. Mgonjwa wa mapafu..." Akanyamaza, akawa anaisikia.

Nikamwambia kwamba kwa wiki nzima waandishi wa habari walifurika pale, telegramu zikapita kwenye waya wa stesheni ile kwa mamia. Kwamba Sofia alikodi treni maalumu kutoka Tula, na watoto na madaktari hawakumruhusu kuingia, wakihofia mgonjwa atashtuka. Alilala ndani ya behewa.

"Behewa liliwekwa kwenye njia ya pembeni," Baba akasema. Hakuwa anauliza.

Kuna picha ya Sofia akiwa nje ya nyumba ya Ozolin, amejifunga kitambaa kichwani, anachungulia dirishani. Niliitafuta kwenye simu nikampa Baba. Aliitazama muda mrefu, akampa Mama. Walimruhusu kuingia mwisho kabisa, mume akiwa hana fahamu, na akamnong'onezea akimwomba msamaha. Tolstoy alifariki tarehe 20 Novemba kwa kalenda yetu, muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi. Walimzika msituni kwao, bila msalaba wala maandishi, ukingoni mwa korongo palipofukiwa kijiti cha kijani. Hadi leo ni tuta la udongo lililoota majani.

Ukurasa wa mwisho wa *Ivan Ilyich* niliuchelewesha. Baba alikuwa tayari anatumia mofini ya maji, kijiko kila baada ya saa nne, na muda wa kuzungumza ulikuwa mfupi. Mwishowe aliudai.

Jaji amepiga kelele siku tatu. Mwanawe, mvulana wa shule, anajipenyeza chumbani. Mkono wa baba unaorushwa huku na huku unaangukia kichwani kwa mtoto, na mtoto anaubusu, analia. Hapo mgonjwa anawaona. Anataka kuwaambia "nisameheni", kwa Kirusi *prosti*, lakini ulimi unateleza, inatoka *propusti*, "nipisheni". Hana nguvu za kujisahihisha, anaacha, akijua kwamba anayepaswa kuelewa ataelewa.

Nilimweleza Baba kwamba nimeshindwa kulitafsiri. Maneno mawili yanayofanana kwa Kirusi, kwa Kiswahili hayafanani. Samehe na pisha. Radhi na njia.

Alikaa kimya hadi nikadhani dawa imemchukua.

"Aliomba radhi, ikatoka njia," akasema polepole. "Hakukosea huyo. Mimi treni siwezi kuitoa kwenye stesheni yangu mpaka yule wa stesheni ya mbele aniambie njia nyeupe. Abiria wamekaa, injini inawaka, dereva anakutazama. Bila karatasi ya njia haondoki."

Kesho yake akaniambia niwaite wote. Wakaja kaka zangu kutoka Tanga na Arusha, shangazi, majirani wa pande zote mbili. Hakuna aliyesema habari za wiki ijayo msikitini. Aliomba radhi kwa mmoja mmoja, akianza na Mama, na Mama alilia mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Deni la mbao la mwaka wa kujenga nyumba likatajwa, likasamehewa. Mwisho akamwita kijana wa maji aliyekuwa amesimama mlangoni na dumu.

"Wewe, nani anamdai mwenzake?"

"Hakuna, Mzee. Hunidai, sikudai."

"Madumu ya juzi je?"

"Yamelipwa."

Akaliweka dumu chini, akaja akakaa mwisho wa kitanda, akaiinua miguu ya Baba akaiweka mabegani.